Skype imezimwa, sasa bibi tumpigie na nini? Teams, WhatsApp, Meet, Zoom au salio la kupigia kitochi

Tarehe 5 Mei 2025 Microsoft waliizima Skype, na kwenye ukoo wetu aliyeumia kuliko wote ni shangazi yangu wa Leicester. WhatsApp anayo siku nyingi ila ni ya kusomea meseji na kutuma picha za maua asubuhi, mambo ya kuongea yeye ni Skype tu, kila Jumapili akishamaliza kupika anaweka laptopu juu ya meza ya jikoni anaanza mzunguko wake, anampigia mama Tanga, anampigia dada yangu Muscat, anamalizia kwa bibi Lushoto ambaye ana kitochi cha batani na ukimtajia smatifoni anakuuliza hiyo itamlimia shamba? Tangazo la kufunga lilitoka 28 Februari, yani watu walipewa miezi miwili na siku chache, lakini shangazi alikuja kushtuka Aprili inaisha pale Skype yenyewe ilipomwandikia kwamba ahamie Teams, programu nyingine ya Microsoft haohao. Akanipigia amefura utadhani mi ndo nimeuza kampuni. "Hii Timsi ni kitu gani? Mi nina timu gani mimi?"

Sasa kwa kuwa mi ndo fundi wa ukoo nisiye na mshahara ilibidi nizijaribu hizi programu moja moja na ndugu wa kila aina, wenye simu nzuri na wenye simu za kufungia na raba, nimeona niweke hapa nilichokiona maana kila mtu akiuliza mbadala wa Skype anajibiwa neno moja, WhatsApp, mjadala umefungwa. Siyo jibu baya, ila ni jibu la mtu ambaye Skype alikuwa haitumii.

Kwasababu Skype ilikuwa biashara tatu kwenye duka moja. Ya kwanza ni komputa kwa komputa bure, hii ndo iliyowapa jina tangu Agosti 2003, Niklas Zennström wa Uswidi na Janus Friis wa Denmark wakiwa na mafundi wao wa Estonia. Sisi huku tuliikuta kwenye intaneti kafe, na mliokuwepo kabla mkonga wa SEACOM haujafika Dar 2009 mnakumbuka, intaneti inatoka kwa satelaiti, unasema haloo unasubiri, unadhani amekata kumbe sauti bado iko angani, unalipia nusu saa na robo saa yake yote ni "unanisikia? unanisikia?" Ya pili ni kupiga simu yoyote duniani, unanunua salio unapiga namba ya kawaida, ya mkononi au ya mezani, anayepokea hahitaji intaneti wala apu wala kujua umempigia kutoka wapi. Na ya tatu hii watu huwa wanaisahau, akaunti ya Skype haikutaka namba ya simu, uhame nchi mara tatu ubadilishe laini mara kumi, jina lako la Skype liko palepale na ndugu wanakupata.

Hakuna programu niliyoijaribu inayokupa zote tatu kwa urahisi ule. Kwahiyo swali la kujiuliza ni wewe ulikuwa unatumia duka lipi kati ya hayo matatu.

Kabla sijaanza kuzipambanisha, niseme kidogo kuhusu watu walivyopokea ile habari maana ilinichekesha na kunisikitisha. Kundi kubwa walisema "kwani bado ipo?" na Microsoft walikuwa wanawategemea hao hao, kwa hesabu yao wenyewe mwaka 2023 Skype ilikuwa imebaki na watu milioni 36 kwa siku, kwa mimi na wewe ni umati, kwa kampuni iliyoinunua kwa dola bilioni 8.5 mwaka 2011 na yenye Teams pembeni ni mzigo. Wengine walikasirika kwa hoja, hasa waliokuwa na salio humo au waliolipia namba ya Skype, yani namba ya simu ya kupigiwa humo Skype, kwa ajili ya biashara. Halafu kuna wa aina ya shangazi ambao hawaandiki malalamiko popote, wanabaki na laptopu yao mezani wanaiangalia. Mi kilichonichosha ni hiki, mwaka 2013 Microsoft hawahawa waliifunga Messenger yao, ile tuliyozoea kuiita MSN, wakawaambia watu hamieni Skype. Miaka kumi na mbili baadaye wa Skype wanaambiwa hamieni Teams. Mwenye nyumba mmoja akikuhamisha chumba mara mbili unaanza kuacha begi mlangoni. Na kulalamika hakusaidii kwa kweli, Google walipotangaza kuiua Reader, ile yao ya kusomea habari za tovuti mbalimbali sehemu moja, mwaka huohuo wa 2013 watu zaidi ya laki moja walisaini kuomba ibaki, na tarehe 1 Julai wakaizima vilevile. Kitu cha bure hakina mkataba.

TEAMS NA WHATSAPP

Nianze na hizi mbili maana ndo zinazogombaniwa.

Faida kubwa ya Teams kwa mtu wa Skype ni moja na ni nzito, unaingia na akaunti ileile na paswedi ileile, majina ya watu wako na meseji zako za zamani zinakufuata. Kwa shangazi hii haikuwa kitu kidogo, humo ndani alikuwa na mazungumzo na marehemu baba mdogo, na nilipomfungulia Teams akayaona alikaa kimya muda mrefu akasema haya, kumbe siyo mbaya hii Timsi. Ambaye hakuhamia Teams, Microsoft walisema wangemtunzia vitu vyake mpaka Januari 2026 kisha vinafutwa, kwahiyo kama hukuhama na hukupakua chochote, usije ukampa mtu hela eti atakurudishia, huyo anakula hela yako. Bure pia wanatoa vizuri tu, watu wawili mnaweza kuongea mpaka saa 30 (sijui nani ana maneno ya saa 30, labda wachumba), kikundi mnaruhusiwa mpaka watu 100 ila dakika 60.

Shida ya Teams ni kwamba imezaliwa ofisini na inanuka ofisi. Ukiifungua unakutana na kalenda, vikundi, mafaili, vitu ambavyo mtu anayetaka kumsalimia wifi yake havimhusu. Kwenye laptopu yenye nguvu haina neno, kwenye simu ndogo iliyojaa picha za harusi inabidi ufute vitu kwanza. Na kubwa zaidi, unayempigia lazima naye awe nayo, sasa huku kwetu ukiacha watu wa mashirika, benki na wanafunzi wa vyuo, nani ana Teams? Kumwambia mama wa Tanga apakue Teams ili aongee na wifi yake ni sawa na kumwambia avae suti kwenda kununua dagaa.

WhatsApp hapo ndo inapomaliza mchezo. Kila mtu anayo, hata wa duka la dawa anayo, huna haja ya kumfundisha mtu. Simu ya watu wawili haina kikomo cha muda, kikundi mnaingia mpaka watu 32, vidio ipo tangu 2016 na kuonyeshana skrini ipo tangu 2023. Kuna kitu watu wa laptopu wengi hawakijui, WhatsApp ina programu ya komputa, ya Windows na ya Mac, na unapiga simu ya sauti na vidio humohumo. Hiki ndo kilichomwokoa shangazi, nilimwelekeza akaskani ile QR na simu yake, meza ya jikoni ileile, skrini kubwa ileile, kilichobadilika ni rangi tu kutoka bluu kuwa kijani. Angalizo lake, simu ndo mama na laptopu ndo mtoto, simu yako isipotumika siku 14 laptopu inatolewa, kwahiyo ukiiacha simu imekufa chaji kabatini usishangae.

Halafu namba. WhatsApp ni namba ya simu, na namba ni mali ya kampuni ya simu siyo yako, we ukienda majuu ukaacha laini ya Tanzania bila kuitumia miezi inapita laini inafungwa na baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, huyo mtu akijisajili WhatsApp ndo wewe tena, anasalimiwa na shangazi zako. Kama unahama ingia kwenye setingi ubadilishe namba kabla hujaondoka, ni dakika mbili. Na simu za zamani nazo zinaachwa njiani, tangu 2025 Android zilizo chini ya toleo la 5 na iPhone 5s na 6 haziko tena kwenye orodha yao, na wale waliokuwa na Smart Kitochi, zile za Vodacom za 2019 zenye mfumo wa KaiOS badala ya Android, WhatsApp iliwaaga pia. Yani na hiyo ni huduma ya bure inayozimwa, ila inazimwa kwa maskini peke yao kwahiyo haiandikwi sana.

Kwahiyo kati ya hizi mbili: kama watu wako wengi wako Afrika Mashariki na wana smatifoni, WhatsApp, usipoteze muda. Kama ulikuwa na historia ndefu Skype, au hutaki namba yako ya simu ijulikane na kila unayeongea naye, mfano mwalimu anayefundisha Kiswahili wanafunzi wa nje (hawa wengi walikuwa Skype kwelikweli), Teams itakufaa zaidi. Mi ninazo zote na sioni aibu.

MEET NA ZOOM

Hizi sizichambui sana kwasababu siyo za kupigiana, ni za kukaa kikao, unatuma linki watu wanaingia. Ila tofauti yao moja ni ya kuijua kabla hujaaibika. Zoom ya bure ni dakika 40, na tangu 2022 hata mkiwa wawili tu ni dakika 40, mlango unafungwa. Kikao cha harusi cha Kitanzania dakika 40 ndo kwanza mwenyekiti anamaliza kutambulisha kamati, mhasibu hajasoma hata ahadi za upande wa mama. Meet ya Google ya bure ni dakika 60 kwa kikundi cha kuanzia watatu, na mkiwa wawili ni mpaka saa 24. Zote mbili zinabeba watu 100. Kwahiyo kwa ukoo Meet inaishinda Zoom bila jasho, na kila mwenye Android ana Gmail hata kama haijui paswedi yake, maana alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliyonunua simu. Kama ukoo wenu hauzidi 32 hata Meet hamuihitaji, pigeni kikao WhatsApp mpaka usiku wa manane, hakuna atakayewafungia mlango.

Ninachowaogopa Google ni kwamba nao wana makaburi yao. Walikuwa na programu nyingine za kuchati na kupigiana, Allo waliizika 2019, Hangouts 2022, Duo wakaiunganisha na hii Meet mwaka huohuo. Usiifanye Meet kuwa kabati la kumbukumbu zako.

KAMA WA KWAKO YUKO UARABUNI

Hapa sahau kila nilichosema juu. Dada yangu yuko Muscat, na Oman kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa, meseji zinapita, sauti za kurekodi zinapita, ukibonyeza kupiga inazunguka tu. Emirati ni hivyohivyo, na Skype yenyewe waliifungia tangu mwishoni mwa 2017, kwahiyo watu wa Dubai msiba wa Skype walishaumaliza zamani, tanga wameshaanua. Wakati wa korona ndo wakalegeza kwa programu za kazini na za shule, kule Emirati Teams, Zoom na Meet zikaingia kwenye orodha ya zinazoruhusiwa pamoja na zile za kwao kama BOTIM. Ndo maana nasema Teams usiidharau, ile harufu ya ofisi ninayoilalamikia ndo inayoipitisha getini. Kwa dada yangu mimi tunatumia Meet, linki moja haibadiliki, kila Ijumaa baada ya sala anaingia. Watu watakwambia tumia VPN, ile ya kuficha uko nchi gani ili upite kizuizi, mi siwezi kumshauri binti anayefanya kazi kwenye nyumba ya watu ugenini afanye kitu ambacho sheria ya kule inaweza kumgeukia, mwenye kesi atakuwa yeye siyo wewe uliyemshauri.

BIBI NA KITOCHI CHAKE

Sasa hili ndo duka la pili la Skype na ndo pengo kubwa, na wanaojibu "WhatsApp" wote hapa wanapiga chenga. WhatsApp haipigi namba ya kawaida. Meet ya bure haipigi. Teams ya bure nayo haikuuzii salio la kumpigia bibi, waliokuwa na salio la Skype ndo waliachiwa wamalizie kwenye kibodi ya kupigia ndani ya Teams au kwenye tovuti, ila kuuza salio jipya kulisimamishwa. Na mwenye namba ya Skype aliruhusiwa kuihamishia kampuni nyingine.

Waliobaki sokoni ni kama hawa. Viber ina Viber Out, unaweka salio unapiga namba yoyote, na kwa matumizi ndo inayofanana na Skype kuliko zote, ipo ya simu na ya komputa. Rebtel ya Stockholm ni ya siku nyingi na ndugu wengi wa Ulaya na Marekani wanaijua, uzuri wake inaweza kukupitisha kwa namba ya hapohapo ulipo bila kutegemea intaneti yako. Google Voice ni tamu ila ni kwa aliyeko Marekani, bila namba ya kule hujisajili, na kupiga Afrika unalipia kwa dakika. Halafu usiisahau laini yako mwenyewe, kuna kampuni za simu za huko nje zinauza vifurushi vya kupiga nje na mara nyingine ni nafuu kuliko apu zote, uliza kwanza.

Namna ya kuzilinganisha usiangalie ile bei kubwa iliyoandikwa mbele. Andika namba kamili ya bibi ndo uone bei, kwasababu kupiga simu ya mkononi na ya mezani ni bei mbili tofauti, na hata mitandao ya hapahapa nchini inaweza kutofautiana. Uliza kama kuna ada ya kuunganisha, hii inakukata hata ukiongea sekunde kumi. Uliza kama dakika inazungushwa, maana dakika moja na sekunde mbili kwa wengine ni dakika mbili. Uliza salio linakaa muda gani bila kuguswa. Kuna moja siitaji, niliweka hela kidogo ya kujaribia, dakika za kwenye tangazo na dakika zilizoingia zilikuwa watoto wa baba mbalimbali, kwahiyo anza na kiasi kidogo kabisa hata wakikuahidi bonasi.

Na mtu asikwambie kupiga namba ya kawaida ni mambo ya kizamani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Tanzania ikakaa hivyo siku kadhaa, Uganda walishalionja Januari 2021. Ndugu wa nje walikuwa na WhatsApp, Teams, Signal, kila kitu, tiki moja ya kijivu haigeuki. Shangazi alikuwa ameshaweka salio la kumpigia bibi kwenye apu mojawapo, akajaribu Tanga haipatikani hewani kwa njia zake zote za Jumapili, akapiga Lushoto kitochi kikaita. Bibi ndo akawa kituo cha habari cha ukoo mzima, anapigiwa kutoka Leicester, yeye anampigia mama kwa laini ya kawaida, anarudisha majibu. Tangu siku hiyo mi nikiulizwa nasema chagua mbili, moja ya intaneti na moja inayoitisha simu ya kawaida, na hiyo ya pili iwe na salio kabla hujaihitaji.

Kuhusu bando, kwa walio huku wanaopokea: simu ya sauti inakula kidogo sana ukilinganisha na vidio, na WhatsApp ndani ya setingi ina sehemu ya kupunguza data kwenye simu, iwashe kwa mzazi wako kimyakimya. Salimieni kwa vidio dakika tano mfurahi kuonana, halafu zimeni kamera muendelee na umbea.

Hivi ndivyo tulivyoishia sisi. Shangazi ana karatasi kwenye friji imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Tanga kijani, Muscat linki, Lushoto salio. Teams bado ipo kwenye laptopu yake, haimpigii mtu, anaifungua siku akimkumbuka baba mdogo. Jumapili moja nilimuuliza bibi kama naye aliisikia habari ya Skype kufungwa, akaniuliza Skype ndo nani, wa ukoo gani. Miaka yote ile alikuwa anajua binti yake anampigia simu tu.